Umepata bamba la chuma lenye picha ya stempu? Angalia meno kwanza

Watu wengi wakipata kichuma chenye stempu imechongwa juu wanaanza kuota ploti Kitengela, mi nawaambia tulieni kwanza. Angalia ukingo wa hiyo picha. Kama stempu imechorwa na yale meno yake pembeni, basi hiyo kitu haikutengenezwa kuchapa stempu, ilitengenezwa kuchapa PICHA ya stempu, pengine ya gazeti, katalogi ama tangazo. Meno ya stempu hayachapwi jamani, karatasi inachapwa ikiwa nzima alafu ndo inatobolewa vile vitundu, sasa meno yatafanya nini kwa bamba? Na usiniambie za zamani hazikuwa na meno, najua, Penny Black ya Uingereza ya 1840 ilikuwa inakatwa na makasi, lakini bamba lake lilikuwa na stempu 240 zimepangwa pamoja. Hakuna posta ingekaa ikichapa moja moja.

Yangu nilitoa Gikomba kwa jamaa wa skrepa, ilikuwa imelala kati ya vitasa na vipande vya mifereji, imepigiliwa kwa mbao na vimisumari vidogo sana. Ni ile stempu ya senti 50 ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ya jahazi kwenye Ziwa Victoria, na meno yote yako.

Hiyo mbao usiing'oe! Pima kutoka chini ya mbao mpaka uso wa chuma, ikicheza kwa milimita 23.3 hivi basi ni bloki ya letapresi (bamba la kuchapa kwa uso ulioinuka na kupakwa wino), kwa sababu hicho ndicho kimo cha herufi za kuchapia za Waingereza, zile za madini ya risasi, na bloki ilibidi ilingane nazo ndo wino ushike zote sawa. Mzee mmoja wa presi huko River Road nilimwekea tu mezani, hata salamu hatujamaliza, akasema, "Kijana, hiyo ni bloki, tulikuwa tunazitupa kwa ndoo."

Alafu peleka kwa fundi wa simu Luthuli, wale wako na darubini ya kuangalia saketi, mwombe dakika mbili. Ukiona picha imegeuka vinukta vinukta vilivyojipanga kwa mistari, hiyo ni kazi ya kamera, ndo njia magazeti yalitumia kuchapa picha. Yangu ukiangalia tanga la jahazi hakuna mstari hata mmoja, ni nukta tupu, kubwa pale penye kivuli, ndogo pale penye mwanga. Mchongo wa mkono unakuwa na mistari.

Maandishi nayo yanafaa kusoma kinyume, kama kwa kioo. Yakisoma sawa na chuma ni nene na inang'aa kama dhahabu, hapo mara nyingi ni pambo la ukumbusho. Ila pleti za ofseti pia zinasoma sawa, kwa sababu picha inapitia kwa mpira kabla ifike kwa karatasi, lakini hizo ni aluminiamu nyembamba unaweza kuzikunja, huwezi kuchanganya.

Kitu ya kukufanya usisimke ni hii: sumaku inashika (yaani ni chuma cha pua), mistari imezama ndani badala ya kuinuka, maandishi kinyume, na hakuna meno, hiyo inaweza kuwa ya kutengeneza stempu zenyewe. Hiyo usiuzie mtu yeyote kabla mtu anayejua stempu aione, na uangalie kama imekwaruzwa mistari ya kukata picha, wachapaji walikuwa wanaharibu hivyo ili isitumike tena.

Kuhusu umri, hapa kwetu ndevu zinasaidia. Seti ya stempu hizo ya 1935 ina mfalme George V mwenye ndevu, ya 1938 ina George VI aliyenyoa, na jahazi liko kwa zote mbili. Lakini hiyo inakuambia tu bloki haiwezi kuwa nzee kuliko stempu, inaweza kuwa ilitengenezwa miaka mingi baadaye kwa ajili ya katalogi.

Na tafadhali usiisugue na Brasso wala waya, nukta zinalika zinaisha. Weka karatasi nyembamba juu, pitisha penseli polepole, picha inatokea. Ukienda kuuza iite bloki. Wanaokusanya vitu vya presi wananunua, si pesa ya ploti, lakini inashinda bei ya skrepa kwa kilo.