Kore nane, simulesheni bado inajikokota

Nyie mnaoanza simulesheni kwenye kompyuta za mezani, mimi miezi ya kwanza nilipotea kweli. Nilikuwa naendesha modeli ya maji, yanavyoingia na kutoka hapa ghuba ya Tanga, mashine ina kore 8 (vile vichwa vya kupigia hesabu ndani ya prosesa) na thredi 16 (foleni za kazi, mbili kwa kila kore), nikasema si ndo hapo, nikaweka zote 16 nikaenda zangu Raskazone kupunga upepo. Narudi, hata nusu haijafika. Nikashusha mpaka 8, ikaenda haraka kuliko mwanzo! Kumbe thredi mbili za kore moja zinagombania vifaa vilevile vya kupigia hesabu, kwa hiyo kazi ikiwa ni desimali tupu mara nyingi hupati kitu.

Halafu grafu ya prosesa ikionyesha asilimia 100 isiwazuge. Kore inayosubiri data itoke kwenye ramu nayo inahesabiwa iko bize. Yangu ilikuwa na ramu moja tu, yaani chaneli moja (njia moja ya kupitishia data), kore nane zote mlango mmoja kama abiria wanavyogombea kushuka daladala. Nikaenda kwa fundi Ngamiani nikanunua ya pili ya aina ileile, akaichomeka tundu lililo jirani, hola. Nimekuja kusoma kale kakitabu ka mazabodi (ile bodi kuu ya mashine) ndo naona inatakiwa tundu la 2 na la 4, nikahamisha, kazi ya dakika 50 ikawa 33, na sijagusa hata mstari mmoja wa programu.

Kabla hamjatamani kore zaidi pimeni kwanza ni kazi gani haigawanyiki. Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alishalisema hili 1967: asilimia 10 ya kazi ikibaki ya kufanywa na kore moja, kore 8 zinakupa kasi ya kama mara 4.7 tu, na hata uwe nazo elfu hufikishi mara 10. Ni pilau ya shughuli hiyo, kumenya vitunguu mtagawana ila sufuria ikishafunikwa mnakaa mnaitazama. Kwangu hiyo asilimia ilikuwa ni kuandika matokeo kwenye diski kila hatua, nikawa naandika kila baada ya hatua 100 yakaisha.

Lililonitesa zaidi ni kujumlisha majibu ya thredi zote, kulikuwa kunajikokota. Nilitengeneza safu ya namba nane, kila thredi na namba yake, nikajua hapa hakuna wa kumgusa mwenzie. Sasa keshi, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, haibebi namba mojamoja, inabeba fungu, kwa prosesa nyingi za mezani baiti 64, na namba ya desimali ya kawaida ni baiti 8, hesabu wewe mwenyewe, zote nane zimelala kitanda kimoja! Thredi moja ikiandika, wenzake wote wanalazimika kuvuta upya lile fungu, ndo muda unapopotelea. Dawa yake kila thredi ijumlishe kwake pembeni, mwisho ndo mkusanye mara moja.

Na feni mpulize vumbi jamani, kwa joto la huku prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe.

Mkiona tarakimu za mwisho mwisho zimetofautiana na zile za kore moja msishtuke, desimali zikijumlishwa kwa mpangilio tofauti huwa hivyo. Zikitofautiana za mwanzo, tena kila ukiendesha zinakuja nyingine, hapo kuna thredi mbili zinaandika sehemu moja ya kumbukumbu, zimeni programu mkaitafute sehemu hiyo.