Barua za Wasomaji: Ukiambiwa Ubaki na Mwaka Mmoja tu wa Sinema za Kihindi

Shikamoo anko. Kwenye grupu la familia tumebishana wiki nzima, kila mtu achague mwaka mmoja tu wa sinema za Kihindi abaki nao, mingine yote ifutwe. Mie nimechukua 2001 kwa sababu ya Lagaan, Dil Chahta Hai na Kabhi Khushi Kabhie Gham, kaka yangu kang'ang'ania 1995 kwa ajili ya Dilwale Dulhania Le Jayenge. Wewe ungechukua upi? Na usituambie yote mizuri. – Binti Mbishi

Marahaba binti. 1975, na sihitaji hata kufikiria. 2001 yako naiheshimu sana, Lagaan nimeirudia sijui mara ngapi, ila 1975 kuna kitu kilitokea ambacho sijakiona mwaka mwingine, watu ni walewale lakini kila baada ya miezi michache wanakuja na sura ambayo hukuitegemea kabisa.

Angalia. Mwezi wa nne inatoka Chupke Chupke ya Hrishikesh Mukherjee. Ndani yumo Dharmendra, yumo Amitabh Bachchan, yumo Jaya Bhaduri, yumo Asrani, yumo Keshto Mukherjee. Haina bunduki hata moja. Dharmendra ni profesa wa mimea ambaye mkewe, Sharmila Tagore, kila saa anamsifia shemeji yake kwamba ana akili hakuna mfano, basi profesa anaamua kumchezea huyo shemeji, anajifanya dereva, anaingia kwenye nyumba yake na kuanza kuongea Kihindi fasaha mno mpaka mwenye nyumba, ambaye mwenyewe anajiona bingwa wa lugha, anachanganyikiwa. Kuna pale dereva anamuuliza bosi kwa upole kabisa kwa nini Waingereza wakiandika "go" wanasoma vile halafu wakiandika "do" na "to" wanasoma tofauti wakati herufi ya mwisho ni ileile. Sisi tuliozoea lugha ambayo unasoma ulichoandika ile sehemu inatuchekesha mara mbili yake. Amitabh naye ni mwalimu wa fasihi ya Kiingereza analazimika kufundisha somo la mimea ambalo halijui hata kidogo, na mwanafunzi wake ni Jaya.

Haya, subiri miezi minne tu. Tarehe 15 Agosti 1975 inatoka Sholay, na humo wamo haohao wote watano! Dharmendra na Amitabh sasa ni majambazi wawili, Veeru na Jai, wametoka jela, Jaya ni Radha, mjane haongei, Asrani ni yule mkuu wa jela mwenye masharubu, Keshto ndo yule mfungwa mpeleka habari. Ukiziangalia hizi mbili wikiendi moja, Chupke Chupke Jumamosi na Sholay Jumapili, utaelewa ninachosema, maana utaona Jaya anacheka leo na kesho anapita na sari nyeupe kimya kama si yeye.

Na muziki je? Chupke Chupke na Mili ni kazi ya mzee S.D. Burman. Sholay, Deewaar, Aandhi na Khel Khel Mein ni za mwanawe R.D. Burman. Baba na mwana mwaka mmoja, na mwezi wa kumi mwaka huohuo mzee akafariki. Mwambie kaka yako aniletee mwaka mwingine wenye kitu kama hicho.

Anko, baba mdogo anaapa kwamba kwenye Sholay Thakur alimuua Gabbar Singh kwa miguu yake mwenyewe. Mimi niliyoiona polisi wanafika, wanamzuia. Nani muongo? – Msomaji wa Kila Toleo

Hakuna muongo hapo, mwache mzee wa watu. Mmeangalia kopi mbili tofauti.

Ramesh Sippy, mwongozaji, alipiga mwisho ambao Thakur, aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar, anamkanyaga na viatu vilivyopigiliwa misumari mpaka anamuua. Ila kumbuka ilikuwa mwaka gani. Tarehe 25 Juni 1975 India iliingia kwenye hali ya hatari chini ya Indira Gandhi, serikali imekaza kila kona, na bodi ya ukaguzi wa filamu ikasema haiwezekani mtu aliyekuwa afisa wa polisi ajichukulie sheria mkononi. Ikabidi waigizaji waitwe tena, wakapiga mwisho mpya, polisi wanaingia dakika ya mwisho wanamkumbusha Thakur kuhusu sheria. Hiyo ndo iliyoenda kwenye majumba ya sinema, ndo uliyoiona wewe. Ule mwisho wa kwanza ukaja kuzunguka baadaye kwenye kanda za video, na mwaka 2025 filamu nzima iliyosafishwa upya ikiwa na mwisho wake wa asili ilionyeshwa Bologna, Italia.

Mimi nasimama na mwisho wa kwanza. Siyo kwamba napenda damu. Baada ya Thakur kumshinda adui wake, hana hata mikono ya kujifuta machozi, analia tu, na hapo unaona kisasi hakijamrudishia chochote. Polisi wakiingia wanakata hicho kilio katikati.

Kwa nini Deewaar ilichukua tuzo na siyo Sholay? Mimi naona kama Sholay ilionewa. – Mpenzi wa Veeru

Ndugu yangu, kwenye hili hatutaelewana. Kweli, tuzo za Filmfare za mwaka ule filamu bora ilikuwa Deewaar na mwongozaji bora Yash Chopra, Sholay ikapata moja tu, ya uhariri, akachukua M.S. Shinde. Mwaka 2005 Filmfare haohao wakaitangaza Sholay filamu bora ya miaka 50, kwa hiyo heshima yake ilikuja, imechelewa lakini ilikuja. Ila waandishi wa zote mbili ni walewale, Salim Khan na Javed Akhtar, kwa hiyo upande wa uandishi hakuna aliyeporwa.

Na mimi nikiwekewa mbili hizo mezani, nachukua Deewaar. Sholay ni kubwa, ina treni, ina farasi, ina milima ya mawe ya Ramanagara, inajaza kioo chote. Deewaar inakukaa kifuani. Kuna mtoto anang'arisha viatu barabarani Bombay, bosi anamrushia hela chini, mtoto anagoma kuziokota, anasema yeye kafanya kazi hakuomba, apewe hela yake mkononi. Miaka inapita, mtoto kawa mtu mzima, kawa kuli bandarini, bosi yuleyule wa magendo anamtupia pesa mezani, na Vijay anamwambia mpaka leo haokoti hela za kurushiwa. Yaani kwenye sentensi moja unarudishiwa utoto wake mzima. Na mkononi anatembea na maneno aliyochorwa akiwa mdogo, kwamba baba yake ni mwizi, hayafutiki, hata avae suti ya bei gani yapo palepale chini ya mkono wa shati.

Wote mnakumbuka ndugu wawili chini ya daraja, mmoja mhalifu anataja magari na majumba na pesa, mwingine polisi anajibu kwamba yeye ana mama. Sawa, ile imekuwa mpaka utani wa mitaani. Ila mimi ninayoipenda zaidi ni ile Vijay anaingia hekaluni kwa mara ya kwanza tangu utoto kwa sababu mama anaumwa, anaongea na Mungu kwa hasira, hapigi magoti, analalamika kama mtu aliyedhulumiwa. Amitabh pale hakuwa anaigiza kwa mikono wala macho, ni sauti tu.

Halafu angalia jambo jingine. Sisi tumekua tukiambiana steringi hafi. Basi mwaka huo steringi, Amitabh, kafa mara mbili, Januari kwenye Deewaar kafia mapajani kwa mama yake, Agosti kwenye Sholay kafia mikononi kwa rafiki yake. Ndo pale Veeru anaiokota ile sarafu ambayo Jai alikuwa anairusha kila wakiwa na uamuzi mgumu, anaigeuza, anakuta pande zote mbili zinafanana. Kumbe siku zote rafiki yake alikuwa anachagua mwenyewe, na mara ya mwisho alichagua kubaki nyuma ili Veeru aondoke.

Shikamoo. Mama yangu ni mtu mzima, presha inamsumbua, hataki mapanga wala risasi. Anapenda picha za Kihindi za zamani zenye nyimbo. Kwenye huo mwaka wako kuna za kwake? – Kitinda Mimba

Marahaba mwanangu, na mama msalimie sana. Chupke Chupke nimeshaisema hapo juu, mwanzie hiyo, atacheka na haina hata mtu anayepigwa kofi la maana.

Ya pili mwekee Aandhi ya Gulzar. Mwanasiasa mwanamke, Suchitra Sen, anafika mji fulani kwa kampeni, analala hotelini, kumbe meneja wa hoteli ni mumewe waliyeachana miaka mingi, Sanjeev Kumar. Usiku wanatoka kwa kujificha, wanatembea kwenye magofu ya hekalu la kale, wanaongea mambo madogomadogo ya watu waliowahi kuishi nyumba moja. Nyimbo zake Lata Mangeshkar na Kishore Kumar, mama atazijua hata kama jina la filamu kalisahau. Ilifungiwa kipindi cha hali ya hatari kwa sababu watu walimuona Indira Gandhi kwenye yule mama, sari zile, nywele zile zenye mstari mweupe, ikaja kuachiwa baada ya Indira kushindwa uchaguzi 1977. Sanjeev Kumar alipewa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora kwa hii, siyo kwa Thakur aliyemwigiza kwenye Sholay.

Mili pia ni nzuri mno, ila hiyo muwe wote sebuleni. Jaya ni binti mchangamfu anapendwa na jengo zima na anaumwa ugonjwa wa damu, Amitabh ni mpangaji mpya wa juu, mlevi, kajifungia. Inaanza na ndege inapita angani na inaisha na ndege inapita angani, na Ashok Kumar, baba yake binti, yuko chini anaitazama. Mimi mtu mzima huwa natoka chumbani kwenye hiyo sehemu. Kama mama machozi yanampandisha presha, iache.

Ni kweli watu walivua viatu ndani ya jumba la sinema kwa ajili ya filamu? – Mdadisi

Kweli kabisa. Jai Santoshi Maa, mwaka huohuo 1975. Filamu ya bajeti ndogo, haina staa mkubwa, inahusu mungu wa kike ambaye wengi hawakuwa wanamjua kiasi hicho, akaigizwa na Anita Guha. Akina mama wa India wakajaa, wanavua viatu mlangoni, wanarusha maua na sarafu kwenye kioo. Ikawa moja ya filamu zilizoingiza pesa nyingi zaidi mwaka ule, bega kwa bega na Sholay na Deewaar. Wanaosema 1975 ulikuwa mwaka wa Amitabh peke yake hii wanaisahau.

Nimesikia Gabbar alikuwa awe mtu mwingine, siyo Amjad Khan. Ni nani? – Jambazi Mstaafu

Danny Denzongpa. Alishachaguliwa, ila alikuwa amejifunga kwenye Dharmatma ya Feroz Khan ambayo ilipigwa Afghanistan, tarehe zikagongana. Dharmatma nayo ni ya 1975, itafute kwa ajili ya zile sehemu za farasi. Amjad alipokuja wengine walikuwa na wasiwasi kwamba sauti yake nyembamba, na leo nenda mwambie mtu kwamba sauti ya Gabbar ni nyembamba. Kampuni ya rekodi iliishia kutoa santuri za maongezi ya filamu, siyo nyimbo, maongezi, kwa sababu watu walitaka kuisikia sauti ileile.

Anko swali fupi. Ukiambiwa uchukue sehemu moja tu kwenye huo mwaka mzima, siyo filamu, sehemu moja. – Binti Mbishi tena

Umenibana. Siyo treni, siyo Basanti, mpenzi wa Veeru kwenye Sholay, anacheza juu ya vipande vya chupa, siyo hata hekalu la Deewaar.

Ni jioni kwenye Sholay. Jai kakaa nje kwenye ngazi za kibanda, anapuliza kile kinanda kidogo cha mdomoni, polepole. Ng'ambo kwenye nyumba ya Thakur Radha, mjane, anapita barazani anashusha utambi wa chemli moja, anaenda ya pili, anaenda ya tatu. Hawaongei. Mwanga ule wa jioni, wakati jua limeshazama lakini giza halijaingia, unadumu dakika chache tu kwa siku, na mpiga picha Dwarka Divecha aliutaka huohuo, kwa hiyo walikuwa wanarudi siku baada ya siku kupiga kipande kidogo, kesho tena kipande kidogo. Mwanamume na mwanamke wale kwenye maisha halisi walikuwa mtu na mke wake, wameoana 1973. Kwenye filamu hawagusani hata mara moja. Chemli ya mwisho inapozimwa anasimama kidogo mlangoni, anamtazama, halafu anaingia ndani.