Maswali na majibu: Texas, jina la ofisi lisikudanganye

Nusu ya barua za mwezi huu zinauliza Rais atafanya nini. Mwulizeni yeye. Safu hii ni ya Texas, na pango lako, kodi ya nyumba yako na mkono uliokatwa kiwandani vinaamuliwa kaunti au Austin, makao ya serikali ya jimbo, si Washington.

Mwenye nyumba amenishtaki kwa pango la miezi miwili. Nimemwandikia jaji wa kaunti kumweleza hali yangu, wiki ya pili sasa hajajibu. Nifanye nini? (Mama wa watatu, Fort Worth)

Dada, jaji wa kaunti si hakimu wako. Katika kaunti kubwa kama Tarrant, Dallas na Harris, mtu huyo ni mwenyekiti wa baraza linaloitwa "mahakama ya makamishna", ambalo halisikilizi kesi ya mtu. Kazi yake ni bajeti, barabara, jela na mafuriko. Barua yako iko kwenye meza ya karani fulani, na hapo itakaa.

Kesi yako iko kwa hakimu wa amani wa eneo nyumba ilipo. Jina lake na tarehe ya kusikilizwa viko kwenye karatasi uliyoletewa na konstebo, ile uliyoiweka juu ya friji. Isome leo. Tarehe huwa ni kati ya siku 10 na 21 tangu mwenye nyumba afungue kesi, kwa hiyo wiki mbili za kungoja barua ni karibu muda wako wote.

Nenda mahakamani. Wengi hawapotezi kesi hizi kwa kukosa hoja, wanazipoteza kwa kutotokea: jina linaitwa, kimya, hukumu inatolewa kwa dakika mbili. Beba mkataba, risiti zote, picha za meseji, na ile notisi ya kuhama. Kwa kawaida notisi inatakiwa kukupa angalau siku 3 kabla ya kesi kufunguliwa, isipokuwa mkataba umetaja muda mwingine. Kama haikutolewa, mwambie hakimu. Ukishindwa una siku 5 za kukata rufaa, na Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa humo. Huna fedha za dhamana ya rufaa? Ipo fomu ya kiapo cha kutokuwa na uwezo, iombe kwa karani. Lakini pango utaendelea kulilipa mahakamani wakati rufaa inasubiri. Ukikosa, rufaa haitakusaidia. Baada ya hapo anakuja konstebo, anabandika ilani ya saa 24 mlangoni, kisha vitu vyako vinatolewa nje.

Na hakimu huyo anachaguliwa kwa kura, kila miaka minne. Wangapi kati yenu mnajua jina lake?

Nina grini kadi, nimelipa kodi miaka saba. Nilipoenda kuchukua leseni niliulizwa kama nataka kujiandikisha kupiga kura, nikasema ndiyo. Sasa nimeletewa kadi ya mpiga kura. Naweza kupiga kura za kaunti tu, si za Rais? (Jina limehifadhiwa, Houston)

Hapana. Hapana kwa Rais, hapana kwa kaunti, hapana kwa bodi ya shule. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi kiasi kwamba ninaanza kuamini watu wanasoma vichwa vya habari peke yake.

Kulipa kodi hakukupi kura. Kuwa na kadi ya mpiga kura mkononi hakukupi kura pia. Texas inahesabu kura ya asiye raia kuwa kosa kubwa la jinai la daraja la pili: kifungo cha miaka 2 hadi 20, na faini inayoweza kufika dola 10,000. Hiyo ni ya jimbo. Ya serikali kuu ni mbaya zaidi kwako, kwa sababu kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini na kukufungia mlango wa kurudi, hata kama hukuwahi kugusa karatasi ya kura.

Fuata mpangilio huu. Kadi usiitumie, na usiichane. Tafuta wakili wa uhamiaji kabla hujaandika neno lolote, kisha kwa ushauri wake umwandikie msajili wa wapiga kura wa kaunti kuomba jina lifutwe, na ubaki na nakala yenye muhuri. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Ukijibu uongo umeongeza kosa juu ya kosa.

Nimesema wakili. Notari si wakili. Hapa notari anashuhudia saini, basi. Yule "mtaalamu wa makaratasi" mwenye muhuri na meza nyuma ya duka la nywele hana ruhusa ya kukushauri sheria, na akikosea, atakayepanda ndege ni wewe.

Kwa waliokwisha kula kiapo cha uraia: jiandikisheni upya, fomu ifike siku 30 kabla ya uchaguzi. Texas haina usajili wa kawaida wa mtandaoni; ni fomu yenye saini ya kalamu, itumwe kwa posta au ipelekwe kwa mkono. Tovuti inayokuambia "umemaliza" huku hujatia saini popote imekupotezea muda.

Je, Texas inaweza kujitenga na Marekani? (Msomaji, Dallas)

Hapana. Mahakama Kuu ya Marekani ilimaliza jambo hili mwaka 1869.

Tunaambiwa Texas haina kodi ya mapato. Mbona kodi ya nyumba inaniua? (Baba Neema, Katy)

Inakuua kwa sababu hiyohiyo. Katiba ya jimbo inakataza kodi ya mapato ya mtu binafsi tangu kura ya 2019, lakini shule, barabara na polisi lazima walipwe. Wanalipwa na kodi ya mauzo, inayofika asilimia 8.25 dukani, na kodi ya nyumba. Wanasiasa wanajisifu kwa mkono mmoja na kukusanya kwa mwingine.

Swali langu kwako, Baba Neema: umejaza fomu ya msamaha wa kodi kwa nyumba unayoishi? Ni fomu 50-114, ofisi ya uthamini ya kaunti, bure. Tangu kura ya Novemba 2025, unapunguziwa dola 140,000 kwenye thamani inayotozwa na wilaya ya shule. Nyumba ya 300,000 inatozwa kama ya 160,000. Tuseme shule inatoza dola 1 kwa kila 100: umeokoa 1,400 kwa mwaka. Pia thamani inayotozwa haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Anuani kwenye leseni yako ifanane na ya nyumba. Hapo ndipo fomu nyingi zinakwama. Kampuni inayokutumia barua yenye nembo kama ya serikali na kudai ada ya "kukusajili" itupe kwenye takataka.

Thamani ikikuzidi, pinga kabla ya Mei 15 au ndani ya siku 30 tangu notisi itumwe, ipi iwe ya baadaye. Usiende kulalamika kwamba maisha ni magumu. Bodi inayosikiliza mapingamizi haina mamlaka juu ya ugumu wa maisha. Nenda na picha ya ufa wa msingi na makadirio ya fundi. Omba mapema ushahidi watakaoutumia dhidi yako, una haki hiyo. Mwisho wa kulipa ni Januari 31. Februari 1 inaongezwa asilimia 7 papo hapo.

Tumeishi pamoja miaka mitatu bila harusi. Sheria inatutambua kama mume na mke? (Abilene)

Miaka haihusiki. Texas inatazama mambo matatu: mmekubaliana kuwa ni mke na mume, mmeishi pamoja hapa Texas kwa hali hiyo, na mmejitambulisha hivyo kwa watu. Kwa hiyo chungeni mnachosema na kuandika. "Huyu ni mume wangu" kanisani, "ameoa" kwenye mkataba wa nyumba na bima, na tayari mmejenga ushahidi. Kuachana kwake ni talaka kamili mahakamani, na mali iliyopatikana inagawanywa. Aliye na mke halali Goma au Nakuru hawezi kufunga ndoa hii hapa hata wakikaa miaka ishirini.

Mwakilishi wetu ameahidi kubadili sheria "mwaka huu". Tumwamini? (Kikundi cha akina mama, San Antonio)

Tazameni mwaka kwanza. Bunge la Texas linakaa miaka ya witiri pekee, kwa siku 140, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari. Mshahara ni dola 600 kwa mwezi, ndiyo maana mwakilishi wenu ana kazi nyingine. Katikati ya hapo, gavana peke yake ndiye anayeweza kuwaita, kwa siku 30, na ni yeye anayepanga ajenda. Chama chenye viti vichache kinabaki na silaha moja, kutoroka: Baraza la Wawakilishi lenye watu 150 linahitaji 100 ili kikao kiwe halali, na Agosti 2025 Wademokrati waliondoka jimboni kuzuia ramani mpya ya mipaka ya viti vya Bunge la Marekani. Walirudi, ramani ikapita. Mswada wenu uwe na mdhamini kabla ya Januari, maana baada ya siku ya 60 mingi haipokelewi tena.

Gavana anaweza kumsamehe kaka yangu? (Houston)

Si peke yake. Bodi ya Misamaha na Parole ipendekeze kwanza. Na rufaa yake haiishii Mahakama ya Juu ya Texas, hiyo ni ya madai. Jinai ina mahakama yake ya mwisho.

Nimeumia machinjioni, msimamizi anasema kampuni haina bima ya ajali kazini. Inawezekana? (Amarillo)

Inawezekana. Texas inamruhusu mwajiri binafsi kujitoa. Hakikisha kwenye Idara ya Bima ya jimbo, usimwamini msimamizi. Kama bima ipo, mjulishe mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30 na fungua dai ndani ya mwaka. Kama haipo, unaweza kumshtaki kwa uzembe, na hawezi kujitetea kwamba nawe ulichangia. Ndiyo maana watakuletea karatasi ya kukubali msuluhishi badala ya mahakama. Usitie saini ukiwa na maumivu.

Kisima cha mafuta nyuma ya nyumba kinavuja. Nilalamike wapi? (Odessa)

Tume ya Reli. Haina habari na treni tangu 2005. Visima na mabomba ndiyo kazi yake, chini ya makamishna watatu wa kuchaguliwa. Nakili kibao kilichoko kwenye lango la kisima: jina la mwendeshaji, jina la eneo na namba ya kisima. Ukisikia harufu ya yai bovu, usiende kusoma kibao. Ondoka, kisha piga 911.