Maneno magumu ya Kiingereza hayakai kichwani? Anza na kadi

Ndugu, umeuliza kwa nini unakariri maneno 30 kwa siku kutoka kwenye kamusi, na wiki ikiisha yamebaki mawili matatu. Maneno 30 ni mengi mno, na orodha ya kamusi haina pa kushikia. Shuka hadi 6 au 7, uyatoe kwenye habari unazosoma mwenyewe.

Kila neno liandikie kadi. Mbele weka sentensi ulimolikuta, neno lenyewe uliachie pengo. Nyuma andika neno, maana yake kwa Kiswahili, na maneno ambayo huandamana nalo. Hapo kwenye wenzake ndipo wengi wanapokosea. Chukua "mitigate": kupunguza makali ya jambo. Huandamana na "risk", "damage" na "effects", na halitaki "against" baada yake. Anayeandika "mitigate against" amelichanganya na "militate", lenye maana ya kuwa kikwazo.

Rudia kadi siku ya 1, 3, 7, 16 na 35. Ukikosea, kadi irudi siku ya 1 bila huruma. Jibu kwanza kwa sauti, ndipo ugeuze. Kuzisoma pande zote mbili tu kutakudanganya kwamba unajua.

Viambishi vya Kilatini, kama "in-" ya kukanusha, vinasaidia, ila usiviamini kupita kiasi: "invaluable" si kitu kisicho na thamani, bali chenye thamani isiyokadirika. Na sikiliza matamshi mapema. "Hyperbole" lina silabi nne, mwisho wake husikika "li".