Atue Kibirizi, usiku wa giza

Mmeuliza wiki hii: ungeandika kitabu cha picha cha watoto kuhusu mgeni kutoka angani ambaye watu hawamwelewi, kingekuwaje?

Changu kingeanzia Kibirizi, hapa Kigoma, usiku wa giza, maana mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika. Kwenye giza ndipo ziwa linapojaa taa; zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mgeni anaziona kutoka juu, anadhani ni ndugu zake, anashuka. Chombo chake kinazama. Kumbe na yeye hajatuelewa, jambo ambalo hadithi za namna hii hulisahau.

Basi anaelea katikati ya mitumbwi, anang'aa kuliko taa zote. Dagaa nao hufuata mwanga. Wanamkimbilia yeye, nyavu za watu zinapanda tupu. Mnaowajua wavuvi wetu mnajua kitakachosemwa: katumwa huyu, ana dawa, nani kamleta? Maandishi yabaki hayo hayo. Picha ndiyo imwonyeshe akiisogelea taa moja baada ya nyingine, anaiita, haiitiki. Mtoto asiyejua kusoma awe wa kwanza kuujua ukweli, amkatize mama yake: "Siyo mwizi huyo!" Kitabu cha picha kisichompa mtoto nafasi hiyo, kwangu ni bango tu.

Alfajiri anatoka majini, anapita juu ya dagaa walioanikwa mchangani. Hapo nataka kurasa mbili nzima: dagaa wamemganda nyayoni, akina mama wanakuja na mafagio, mmoja wao amesimama anamshangaa miguu. Ana vidole vingapi, namwachia mchoraji.

Ila tafadhali, asije akazungumza Kiswahili fasaha ukurasa wa mwisho na kusamehewa na mwenyekiti wa mtaa mbele ya mkutano. Nimechoshwa na vitabu vinavyoishia mkutanoni. Afadhali mzee mmoja aseme chombo kiopolewe: meli ya Liemba yenyewe, ya ziwa hili hili, Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini, sembuse kidude hiki? Wavuvi wavute kamba, si kwa huruma, wanataka aondoke dagaa warudi kwenye nyavu. Apae. Nao wabaki ufukweni wakigombana ni nani atakayewalipa akina mama dagaa waliokanyagwa.