Kurudishiwa kodi ya gawio iliyokatwa zaidi Uswisi

Ndugu, umeuliza kwa nini gawio lako (faida ya hisa) la faranga 1,000 kutoka Uswisi limeingia 650 tu. Kule huzuia 35% ya gawio kama kodi. Kama mkataba wa kodi kati yao na nchi unayoishi unasema 15%, unadai faranga 200. Jaza fomu ya nchi yako, mamlaka ya kodi ya unakoishi iigonge muhuri, kisha iende kwa mamlaka ya kodi ya Uswisi huko Bern. Madai mengi hukwama kwa dalali wa hisa: taarifa ya akaunti haitoshi, omba hati ya kodi yenye jina lako, idadi ya hisa, tarehe na kiasi kilichokatwa. Madalali wengi hutoza ada kwa hati hiyo, kwa hiyo gawio dogo limbikiza udai kwa mpigo. Ila usizembee: la 2023 mwisho ni 31 Desemba 2026.