Maswali ya wasomaji: Hakuna meno ya plastiki

*Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miezi sita, anaharisha na ana homa. Bibi yake anasema ni meno ya plastiki, na kweli nikimfunua mdomo naona vivimbe viwili vyeupe kwenye ufizi wa chini. Kuna mganga anayatoa. Nimpeleke?*
*Mama K., Dodoma*

Marahaba, mama. Usimpeleke. Vivimbe hivyo ni chonge za utoto, jino la tatu kutoka katikati kila upande, ambazo bado zinajengwa ndani ya taya. Zinaonekana kwa sababu zimekaa upande wa nje na ufizi wa hapo ni mwembamba. Madini hayajazikolea, kwa hiyo mganga akizitoa zinakuwa laini na nyeupe, na mzazi anaamini ameona plastiki. Zikiachwa, zitaota zenyewe kati ya miezi 16 na 23.

Mbona ugonjwa umekuja wakati huu huu? Kwa sababu katika umri huu mtoto anaanza uji, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwako inapungua. Anapata vijidudu vya kuharisha, na meno hayahusiki.

Madhara ya kuchana ufizi ni makubwa. Kwanza ni damu kuvuja, usaha, pepopunda, hata VVU, maana kifaa ni wembe au spoku ya baiskeli iliyokwisha kupita kwa watoto wengine. Pili, jirani kabisa na chonge ya utoto kuna chipukizi la chonge ya ukubwani, ambayo enameli yake, yaani gamba gumu la nje la jino, huanza kujengwa mtoto akiwa na miezi minne au mitano. Ncha ya wembe inalifikia. Matokeo utayaona akiwa na miaka tisa au kumi: chonge inatoka imepinda, ina mashimo, au haitoki kabisa, na meno ya jirani yanalalia pengo.

Cha kufanya leo: mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida. Changanya ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, umpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Mpe zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma mapema. Hiyo homa ipimwe malaria kituoni. Akishindwa kunyonya, akilegea, macho yakizama, akipata degedege au choo kikiwa na damu, nenda saa hiyo hiyo.

*Mwanafunzi wangu aling'oka jino la mbele uwanjani. Tulilifunga kwenye karatasi, tukafika hospitali baada ya saa mbili, tukaambiwa tumechelewa. Tungefanyaje?*
*Mwalimu wa michezo, Kisumu*

Mwalimu, kilichofia kwenye karatasi ni seli zilizofunika mzizi. Hizo ndizo zinazoliunganisha jino upya na mfupa wa taya. Nusu saa kwenye ukavu ni hasara kubwa. Ikipita saa nzima, karibu zote zimekufa, na hata jino likirudishwa, mwili huula mzizi polepole na kuweka mfupa mahali pake.

Lishike jino kwa taji, yaani sehemu inayoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze sekunde chache tu kwa maziwa au maji safi. Usisugue, usitie sabuni wala spiriti. Lirudishe palepale kwenye tundu lake, upande wa mbele ukitazama mbele, mtoto aume kitambaa safi, kisha mwende. Ukishindwa kulirudisha, litie kwenye maziwa baridi. Maji matupu hayafai kuhifadhia, seli huvimba na kupasuka. Daktari atalifunga na meno ya jirani kwa wiki mbili hivi, na ataulizia chanjo ya pepopunda.

Jino la utoto likingʼoka halirudishwi, kwani unaweza kuliumiza la ukubwani lililo juu yake. Kama huna hakika ni lipi, lipeleke kwenye maziwa, daktari aamue.

*Meno yangu yana madoa ya kahawia tangu yalipoota. Nasugua kwa mkaa, hayatoki. Je, wanangu nao watapata?*
*Msomaji, Arusha*

Acha mkaa, unakwangua enameli ambayo haitaota tena: seli zinazoijenga hupotea jino linapotokeza. Mate hurudisha madini kidogo kwenye enameli iliyoanza kuoza, lakini hayajengi iliyolika. Madoa yako yaliingia utotoni, jino likiwa bado ndani ya taya, kutokana na madini ya floraidi kuwa mengi kwenye maji. Daktari anaweza kupunguza tabaka jembamba la juu au kulifunika kwa ujazo wa rangi ya jino.

Kwa watoto, hatari iko hasa miaka minane ya kwanza. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, inakolea zaidi. Wapikie na kuwanywesha maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri, au yaliyopimwa na kukutwa chini ya miligramu 1.5 kwa lita. Na maharage yao usiyatie magadi, kwani nayo hubeba floraidi.